Mahali: Wazi

Chumba changu kiko Ngamiani, barabara ya kumi na saba,
juu ya banda la Kibacha, fundi baiskeli.
Yeye chini anapanga magurudumu,
mimi juu napanga malalamiko:
ripoti mia mbili na kumi na moja za hitilafu
za daftari la dawa tulilolishona bure, watu tisa tusiojuana,
tukaliacha wazi, achukuaye achukue, aonaye tundu azibe.

Silipwi. Bando nanunua mwenyewe.
Kazi yangu ni kubandika lebo:
hii ya haraka, hii ingoje toleo lijalo,
hii ni ileile ya juzi imevaa kanzu nyingine,
hii si hitilafu, bwana, hujachomeka printa.

Wako wanaokuja na matusi, takataka lenu hili,
na chini ya matusi, ukifukua, mstari mmoja wa kweli.
Wako waungwana: picha, hatua kwa hatua, asanteni kwa kazi njema,
kumbe wanataka kitufe kibadilishwe rangi.
Watu arobaini na wanne wamepigia kura giza,
daftari liwe na uso mweusi, macho yapumzike usiku.
Arobaini na nne! Nikaipandisha juu kabisa.
Nani asiyependa makofi.

Ya mia na tisini na nane ilitumwa kutoka ndani ya daftari lenyewe.
Maneno mawili: Haifanyi kazi.
Jina: Nesi Mhando. Mahali: patupu.
Nikabandika: maelezo hayatoshi.
Siku thelathini zikipita kimya, mashine huifunga yenyewe,
haigongi mlango, haimuulizi mtu.

Siku ya ishirini na tisa nilikuwa chini, nangoja pancha yangu.
Baiskeli sita kwenye foleni. Kibacha akairuka ya mwenye suti,
akairuka mpya inayong'aa,
akavuta kibaiskeli kikuukuu kisicho na breki.
"Cha mama wa mikate," akasema bila kunitazama.
"Huyu akikwama alfajiri, mtaa mzima unakunywa chai kavu.
Wewe tembea. Kwani unakwenda wapi?"
Sikupenda. Nilitembea.

Usiku nikapiga ile namba iliyokuwa chini ya ripoti.
Mtoto analia, kiti kinaburutwa, kisha: "Nani?"
Mtu wa daftari, nikasema. Hukuandika uko wapi.
"Niliandika. Mara tatu."
Uko wapi?
"Kang'ata, Handeni. Andika wewe uone."

Nikaandika. K, a, n, g,
kisha ritifaa, ule ukucha mdogo wa juu,
na neno zima likamezwa, pakabaki peupe.
Nikajaribu Mng'aro. Peupe.
Nikajaribu ng'ambo, nikajaribu ng'ombe,
zizi zima likapita kooni mwa mashine bila hata kwato kusikika.
"Nina mtoto hapa, Mwang'onda," akasema nesi.
"Kwenye daftari lenu bado hajazaliwa.
Dozi zake naandika kiganjani, nikinawa zinaondoka."

Karibu mwezi mzima lile pengo lilikuwa ndiyo ripoti,
na mimi nimelibandika lebo ya upungufu.

Nikaishusha giza, nikaipandisha Kang'ata.
Wapiga kura wakanuna. Mmoja akauliza
tangu lini mmoja akawashinda arobaini na wanne.
Sikuwa na jibu zuri; nikamwandikia habari ya kiganja.

Aliyeziba ni mtu wa Montevideo, mstari mmoja tu wa msimbo,
kwetu ikiwa saa nane za usiku.
Akauliza: hiyo sauti mnaitamkaje?
Nikamrekodia: si n, si g, inapita puani,
kama mtu aliyetaka kukataa akaghairi.
Akanirudishia ya kwake. Ilikuwa mbaya, mbaya mno,
nikacheka hadi Kibacha, alalaye bandani,
akagonga dari kwa spana.

Asubuhi zilikuwa mia mbili na kumi na tatu.
Ya juu kabisa: Imeganda tena.
Mahali: patupu.
Salio lilibaki la dakika nne. Nikapiga.